Kifaru mwenye kipembe mgongoni: wachoraji wa Ulaya walidanganya?

Swali: Nimekulia Karatu, kifaru nimemwona Ngorongoro kwa macho yangu. Juzi nimekutana na picha ya kifaru iliyochapwa Ujerumani mwaka 1515, ana mabamba kama kavaa deraya, ana magamba miguuni, halafu ana kipembe kingine kidogo juu ya mabega. Huyo mchoraji alikuwa anadanganya watu au zamani walikuwepo vifaru wa namna hiyo? Na picha zao za zamani za mimea je, nazo tuziamini?

Jibu:

Dada yangu, asante kwa swali, tena limenifurahisha sana kwa sababu wewe una kitu ambacho huyo mchoraji hakukipata maisha yake yote: umemwona kifaru. Hakudanganya, ila hakumwona. Picha unayoisema ni ya Albrecht Dürer wa mji wa Nuremberg, na ulichokiona pale ni barua iliyogeuka mnyama. Mtu kasoma maelezo, kapata na mchoro wa haraka wa mtu mwingine, kachora wa kwake, fundi wa kuchonga akauhamishia kwenye ubao, mchapaji akapiga nakala, na kila mkono uliopita hapo umeacha alama.

Kwanza tutenganishe vifaru, maana hapo ndo wengi wanachanganya. Faru weusi wa Ngorongoro wana pembe mbili zimefuatana puani na ngozi yao haina mikunjo mikubwa ya kusema. Yule wa 1515 alitoka India. Kifaru wa India ana pembe moja tu, na ngozi yake imejikunja kweli kweli, kuna mkunjo nyuma ya bega, kuna mkunjo mbele ya paja, kuna mikunjo shingoni, na mabegani na mapajani kuna vinundu vingi vya duara. Ukimwona kwa mbali unaweza kuapa kuna mtu kamvisha mabamba. Kwa hiyo lile deraya unaloliona kwenye picha halikutoka hewani, nusu yake ni kweli kabisa.

Huyo mnyama Sultani Muzaffar Shah wa Pili wa Gujarat alimpa Afonso de Albuquerque, gavana wa Wareno kule India, mwaka 1514 kama zawadi. Albuquerque akaona mfalme wake Manuel wa Kwanza atampenda, akampakia melini kutoka Goa mwezi Januari 1515 pamoja na mtunzaji wake, Mhindi aliyeandikwa na Wareno kwa jina la Ocem. Meli ikavuka bahari yetu hii ya Hindi, ikagusa Msumbiji, ikazunguka kusini kabisa mwa Afrika, ikafika Lisbon tarehe 20 Mei. Hebu fikiria, miaka kumi tu baada ya Wareno kuipiga Kilwa, kifaru wa Kihindi anapita pwani ya bara ambalo lina vifaru wake wenyewe, na Ulaya nzima inamsubiri yeye, kwa sababu tangu enzi za Warumi hakuna aliyekuwa amemwona mnyama huyo kule.

Na walikuwa wanamsubiri wakiwa na kitabu mkononi, hili ni la muhimu. Plinius, mwandishi wa Kirumi, alikuwa ameshaandika kwamba kifaru na tembo ni maadui wa kuzaliwa. Mfalme Manuel alikuwa na matembo pia, basi tarehe 3 Juni wakawakutanisha wajaribu. Tembo akakimbia. Watu wakaona kumbe wazee wa zamani walisema kweli, na kuanzia hapo kila aliyeandika kuhusu yule mnyama aliandika alichokiona akichanganya na alichokisoma.

Kutoka Lisbon habari ikatumwa Nuremberg, ambako wafanyabiashara walikuwa na masikio marefu kwa kila kilichotoka India. Dürer akaipata. Mchoro wake wa kalamu na wino upo mpaka leo kwenye jumba la British Museum, London, na chini yake kanakili maneno ya barua. Maneno hayo ndo yakaja kuchapwa juu ya picha: kwamba rangi yake ni kama kobe mwenye madoa, kwamba amefunikwa mabamba mazito, kwamba ukubwa wake ni kama wa tembo ila miguu mifupi, kwamba hunoa pembe yake kwenye mawe, kwamba akikutana na tembo humwingiza kichwa katikati ya miguu ya mbele akampasua tumbo. Sasa wewe msomee mchoraji mzuri maneno hayo, umwambie kobe, umwambie mabamba, na yeye anaishi kwenye mji uliosifika kwa mafundi wa deraya. Atachora nini? Atachora alichokisikia, na atakichora vizuri mno.

Mimi nachonga mbao na lino (linoleum, ile ya kutandika sakafuni) kwa miaka sasa, naomba unisikilize hapa kidogo maana watu wengi huishia kwenye habari ya barua wanasahau ubao wenyewe. Chapa ya mbao inafanya kazi kama muhuri wa ofisini. Kinachobaki juu ndo kinashika wino, ulichokichimba kinabaki cheupe. Kwa hiyo ukitaka mstari mmoja mwembamba mweusi huuchongi huo mstari, unachonga pande zake mbili mpaka ubaki umesimama kama ukuta mdogo, na ukitaka mistari inayokatana ili kupata kivuli unalazimika kutoboa vijisehemu vidogo vidogo vyeupe kimoja kimoja katikati ya mistari, kisu kikiteleza umekata ukuta na hakuna gundi itakayorudisha. Halafu rangi ya kijivu haipo. Hakuna nusu. Ngozi ya mnyama ambayo kwa macho ni kivuli tu na ukorofi wa kuparuza, kwenye ubao lazima uamue ni mstari gani, ni nukta gani, ni duara gani. Hakuna sehemu unayoweza kuiacha bila kusema kitu.

Mwangalie tena yule kifaru ukijua hivyo. Vile vinundu vya ngozi vimekuwa viduara vilivyopangwa kama ribiti. Ngozi ya miguuni imekuwa magamba. Ukingo wa mkunjo wa paja umekuwa na meno kama msumeno. Na kile kipembe cha mabegani kimesokotwa, mistari inakizunguka mpaka kwenye ncha. Mchoraji asiyejua hapa pana nini hawezi kupaziba kwa ukungu kama mtu wa rangi za maji, anatakiwa aweke alama, na alama ikishachapwa inaonekana kama ushahidi. Mimi naamini deraya la yule mnyama limetokana na ubao kama lilivyotokana na barua.

Kitu kingine kidogo ambacho unaweza kukihakikisha mwenyewe: kwenye mchoro wa kalamu kifaru anatazama kushoto, kwenye chapa anatazama kulia. Ni yule yule muhuri, ubao ukibonyezwa kwenye karatasi kila kitu kinageuka. Ukiangalia picha za zamani za watu wameshika upanga kwa mkono wa kushoto, mara nyingi sababu ni hiyo.

Na usidhani Dürer alikuwa mtu wa kubuni kwa uvivu. Huyu ndiye aliyechora sungura kwa rangi za maji mwaka 1502, manyoya unayahesabu moja moja, na mwaka uliofuata akachora kipande cha majani ya kawaida, nyasi na magugu na udongo wake, kitu ambacho watu wanakikanyaga tu. Mwaka 1520 aliposikia nyangumi amekwama pwani ya Zeeland, Uholanzi, alifunga safari wakati wa baridi kwenda kumwona, akafika akakuta bahari imeshamchukua. Kwa kifaru hata nafasi ya kufunga safari hakupata. Manuel aliamua kumtuma kwa Papa Leo wa Kumi, meli ikazama karibu na pwani ya Italia mwanzoni mwa 1516, na yule mnyama alikuwa amefungwa minyororo sitahani, akafa maji. Mimi kila nikiiangalia ile chapa nakumbuka hilo, kwamba wakati inauzwa na kusifiwa mnyama mwenyewe hakuwepo tena.

Sasa kuna jambo watu wengi hawaambiwi. Mwaka huo huo wa 1515, Hans Burgkmair wa Augsburg naye alichapa kifaru huyo huyo. Wa kwake hana kipembe mgongoni, na miguu ya mbele kafungwa, kama mateka alivyokuwa kweli. Kwa sisi tuliowaona vifaru, wa Burgkmair ndo anakaribia mnyama hai. Ila nakala yake iliyobaki duniani ni moja tu, iko jumba la makumbusho la Albertina kule Vienna. Ya Dürer ilipigwa tena na tena, inakadiriwa nakala 4,000 hadi 5,000 ziliuzwa akiwa bado hai, na ubao uliendelea kuchapishwa baada ya kifo chake mwaka 1528, mpaka ukapata ufa na matundu ya wadudu, na Amsterdam kwenye karne ya 17 mtu akauchapa kwa kuongezea rangi. Iliyopendeza macho ikashinda iliyokuwa karibu na ukweli.

Baada ya hapo ikawa ni kunakili nakala. Conrad Gessner, mganga na msomi wa Zürich, alipotoa vitabu vyake vikubwa vya wanyama kuanzia 1551 alimweka kifaru wa Dürer, na alisema wazi kamtoa wapi. Wengine wakanakili kwa Gessner bila kusema. Tena kunakili ilikuwa rahisi mno, unabandika karatasi juu ya ubao, unachonga kufuata mistari, umemaliza, na mnyama kageuka upande wa pili. Kifaru hai angegharimu meli nzima na wakuu wawili wa kupeana zawadi, wakati nakala inagharimu ubao na siku chache za fundi. Hivyo kwa zaidi ya miaka 200 Mzungu wa kawaida akiwaza kifaru anamwona na kipembe mgongoni, mpaka alipokuja kifaru jike mmoja wa India aliyeitwa Clara, ambaye nahodha wa Kiholanzi alimfikisha Rotterdam mwaka 1741 akazunguka naye miji ya Ulaya karibu miaka 17. Watu wakamwona wenyewe, wachoraji wakamkalia mbele, picha mpya zikaanza kusukuma ile ya zamani.

Na hapa dada ndo panapotuhusu sisi. Mskoti James Bruce alisafiri Ethiopia, akarudi akachapisha kitabu mwaka 1790 chenye picha ya kifaru wa Afrika mwenye pembe mbili, na humo alimsema Dürer vikali sana kwamba ndiye chanzo cha sura zote za ajabu ambazo mnyama huyu amepewa. Ukiiangalia picha ya Bruce sasa, pembe ni mbili kweli, lakini mwilini kuna mikunjo ya kifaru wa India! Ile picha ilitengenezwa juu ya picha ya mtu mwingine, ikaongezwa pembe. Mtu kafika Afrika, kamwona mnyama, analaumu picha ya zamani, na picha yake bado imevaa nguo ile ile. Mtoto yeyote wa Karatu angemsahihisha.

Kuhusu mimea, habari ni nyingine kabisa, kwa sababu mmea hauhitaji meli, upo nje ya dirisha. Mwaka 1530 kule Strasbourg kilitoka kitabu cha mimea cha Otto Brunfels chenye picha za Hans Weiditz, na huyu Weiditz alichora mche ulio mbele yake kama ulivyo, jani limeliwa na mdudu analiacha limeliwa, shina limenyauka analichora limeinama. Ukiziona unasikia kabisa kwamba mtu aling'oa kitu shambani akakiweka mezani na kikaanza kufa kabla hajamaliza. Ni picha ninazozipenda kuliko zote za wakati ule.

Ila mganga angeuliza: sasa mimi nikienda porini kutafuta dawa natafuta jani lenye tundu? Ndipo Leonhart Fuchs mwaka 1542, kule Basel, akatoa kitabu chenye picha zaidi ya 500 akafuata njia ya pili. Yeye hakutaka mche fulani wa siku fulani, alitaka mmea wenyewe, hivyo picha moja inakuonyesha mzizi, shina, ua na tunda kwa pamoja, hata kama kwa uhalisia ua na tunda haviji wakati mmoja. Mmea ambao huwezi kuukuta popote, lakini unakusaidia kuutambua wakati wowote wa mwaka. Kwa hiyo ukiuliza ziaminike au zisiaminike, nakwambia picha ya Weiditz inaaminika kwa ule mche, ya Fuchs inaaminika kwa aina nzima, usizichanganye. Jambo zuri sana la Fuchs ni kwamba mwishoni mwa kitabu aliweka sura za mafundi wake watatu na majina yao: Albrecht Meyer aliyechora, Heinrich Füllmaurer aliyehamishia michoro kwenye ubao, na Veit Rudolf Speckle aliyechonga. Wachongaji wengi wa zama zile wamekufa bila jina, huyu tunaijua hadi sura yake.

Humo humo kwa Fuchs kuna picha ya mahindi, yamesimama vizuri na masuke yake, na jina aliloyapa ni nafaka ya Kituruki. Yalitoka Amerika, lakini yeye aliamini yametoka upande wa Waturuki. Usimcheke, sisi tumeyaita mahindi kana kwamba yametoka India. Kila mmoja aliupa mmea jina la njia aliyodhani umepitia, na picha ikabaki sahihi huku jina limepotea njia.

Biashara nayo ilikuwa na mambo yake. Ubao wa mti mgumu kama mpeasi ulikuwa mali, ulikaa makumi ya miaka, uliuzwa, ulikodishwa, ulihamishwa nchi. Kitabu cha mimea cha Mwingereza John Gerard cha 1597 kilichapwa kwa sehemu kubwa na mbao zilizotoka Frankfurt, na maelezo mengine hayakuendana na picha. Na Christian Egenolff wa Frankfurt alipozinakili picha za Weiditz na kushitakiwa na mchapaji wa Strasbourg, alijitetea kwamba mmea ni mmoja na hauwezi kuchorwa tofauti na ulivyo. Utetezi wenyewe una akili, ila mbele ya picha za Weiditz haushiki hata kidogo, kwa sababu lile jani lililoliwa na mdudu lilikuwa moja tu duniani.

Nimalizie kwa mtu mmoja ambaye angekupenda wewe na swali lako, Maria Sibylla Merian. Mwaka 1699 akiwa na miaka 52 alipanda meli na binti yake kwenda Surinam, Amerika ya Kusini, kuangalia wadudu, akakaa mpaka 1701 ugonjwa ulipomrudisha. Kitabu chake cha 1705, Amsterdam, kina picha 60, na hizi sio za mbao tena, ni za bamba la shaba. Kwenye shaba mambo yanageuka: wino unaingia kwenye mifereji uliyochonga, sio juu, kwa hiyo mstari unaweza kuwa mwembamba kama unywele na kivuli kinapatikana kwa utaratibu. Picha nyingi zina mmea na kiwavi anayeula mmea huo, na pupa wake (kiwavi akishajifunga kabla ya kuwa kipepeo), na kipepeo wake, wote pamoja. Habari za mimea nyingine alizipata kwa wanawake waliokuwa watumwa kule na aliziandika, pamoja na ile ya ua ambalo walilitumia kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Na alikuwa na ujanja mmoja wa kifundi ambao mimi nimeujaribu: karatasi ikitoka kwenye mashine bado imelowa wino, unaiwekea nyingine juu unabonyeza tena, unapata nakala ya pili iliyofifia na isiyo na alama ya bamba, halafu unaipaka rangi kwa mkono mpaka inaonekana kama imechorwa moja kwa moja. Tena inakuwa imegeuka mara mbili, yaani imerudi upande ule ule wa mchoro uliochongwa kwenye bamba la shaba.

Picha ya Dürer utaipata bure na kwa ukubwa wa kutosha kwenye mtandao wa makumbusho ya Metropolitan ya New York, na Rijksmuseum ya Amsterdam nayo inatoa picha zake bure. Ukiifungua izuum kwenye kile kipembe cha mabegani. Halafu angalia kama kuna mstari mweupe uliokatiza miguuni kwa mnyama, ukiuona ujue ni nakala ya baadaye, ubao ulikuwa umeshapasuka.